Uzito Uliopanda Badala ya Kushuka

Kila kitabu cha utengenezaji wa bia nilichokisoma Morogoro, nikiwa mwanafunzi wa sayansi ya chakula, kilieleza mambo kwa mpangilio uleule. Maji ya kimea huanza yakiwa mazito kwa sababu ya sukari iliyomo. Hamira inapoila sukari hiyo, maji huwa mepesi siku hadi siku mpaka yatulie. Ukisoma 1.050 mwanzoni na 1.010 mwishoni kwenye haidromita, kipimo cha kioo kinachoelea, unatoa hesabu na kujua kwamba kilevi kimefika asilimia 5 na kidogo.

Pombe ya mama, nyumbani kwetu Tarime, haikufuata vitabu. Asubuhi baada ya kutiwa kimea ilisoma 1.019. Jioni, povu likiwa limeshatanda na harufu ya uchachu imejaa jikoni, ikasoma 1.031. Kesho yake asubuhi ikasoma 1.034. Ilikuwa inachacha mbele ya macho yetu, na bado uzito wake ulikuwa unapanda.

Mama alikitazama kile kipimo cha kioo kikielea, akaniuliza kwa utulivu, "Mwanangu, sasa hicho kinasema pombe yangu inarudi kuwa uji?"

Swali lake lilinifundisha kupima kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya. Nimeendelea nalo kwa miaka, jikoni kwa mama na kwa shangazi yangu aliyeolewa Mugumu, na ninayoandika hapa ni kwa ajili ya wapika pombe ya nafaka wa Tarime, Serengeti, Rorya na ng'ambo ya mpaka wa Sirari, ambao siku hizi wanaweza kununua haidromita Mwanza au Nairobi na kuambiwa dukani kwamba ni kipimo cha nguvu ya pombe. Hakipimi nguvu ya pombe. Kinapima kitu kimoja tu: kimiminika hiki kina uzito kiasi gani ukikilinganisha na maji. Maji safi ni 1.000. Mengine yote tunayasema sisi, na namba inapotushangaza, mara nyingi yenyewe ni ya kweli. Sisi ndio tumeisomea swali ambalo haikuulizwa.

Nianze na jinsi mama anavyopika, kwa sababu jibu liko humo. Kwa Kikurya ni amarwa. Vilabuni wengi huiita busaa, kama majirani zetu wa Kenya. Unga wa mahindi hukandwa na maji kidogo na kuachwa siku kadhaa uchachuke mpaka utoe harufu kali. Kisha hukaangwa juu ya bati pana, kuni zikiwaka chini, mtu akiugeuza kwa koleo bila kupumzika mpaka uwe chenga kavu za kahawia. Chenga hizo hutiwa kwenye pipa pamoja na maji na kimea cha ulezi: ulezi uliolowekwa, ukaoteshwa ndani ya gunia lenye unyevu, ukaanikwa juani na kusagwa. Baada ya siku mbili hadi nne, kutegemea baridi, pombe huiva. Huchujwa na kunywewa ikiwa nzito na yenye uchachu. Zamani wazee waliizunguka katika chungu kimoja na kuivuta kwa mirija mirefu, kila mmoja na mrija wake.

Sasa linganisha na kiwanda. Kiwandani, kugeuza wanga kuwa sukari ni kazi moja, na kugeuza sukari kuwa kilevi ni kazi nyingine, katika chombo kingine, kwa saa nyingine. Kimea huchanganywa na maji ya moto wa nyuzi 65 hivi, vimeng'enya vilivyo ndani ya kimea vikaukata wanga, kisha yale maji yakachujwa na kuchemshwa, na vimeng'enya vikafa. Hamira inapoingia, sukari yote iko tayari na haiwezi kuongezeka tena. Ndiyo maana kipimo cha mwanzo kina maana. John Richardson, aliyechapisha kitabu chake cha vipimo vya bia Uingereza mwaka 1784, na Karl Balling wa Bohemia, aliyetoa jedwali lake mwaka 1843, wote walitengeneza vipimo vyao kwa ajili ya maji ya shayiri yaliyochujwa na kuchemshwa. Haidromita inayouzwa leo ni ya ukoo huo.

Katika pipa la mama kazi zote mbili zinakwenda pamoja. Hakuna anayekichemsha kimea cha ulezi. Vimeng'enya vinaendelea kuukata wanga wa mahindi, taratibu kwa sababu maji si ya moto, na hamira inakula kila kinachokatwa. Katika saa za mwanzo hamira bado ni chache. Sukari inatoka kwa kasi kuliko inavyoliwa, na uzito unapanda. Hamira ikishazaana, inaishinda kasi ya kimea, na uzito unaanza kushuka. Namba ya 1.019 haikuwa mwanzo wa pombe ile. Ilikuwa picha ya saa moja katika mwendo wa siku tatu. Hata ile 1.034 ya juu kabisa haiwezi kuitwa mwanzo, kwa kuwa sehemu ya sukari ilikuwa imeshaliwa kabla hatujaipima.

Nilipomweleza mama hivyo, alitikisa kichwa kukubali, akasema ndiyo sababu pombe ya siku ya pili ina utamu kuliko ya siku ya kwanza. Ulimi wake ulikuwa umeshaona kupanda kule kabla ya kioo changu.

Jambo hili si la vitabuni tu. Nimeona mpishi akisoma 1.020 asubuhi ya kwanza, akaamini nafaka yake imemwangusha, akamimina kilo kadhaa za sukari ndani ya pipa. Sukari ile haikuchukua nafasi ya sukari ya mahindi, ilijumlishwa nayo. Waliokunywa walizoea kipimo chao cha kila siku, na kipimo kilekile siku hiyo kikawa na kilevi kingi zaidi. Wengine walikuwa na ng'ombe wa kurudisha nyumbani gizani na mto wa kuvuka. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mpishi wa pombe ya nafaka ni huu: siku ya kwanza usiamue chochote kwa haidromita. Pima, andika, subiri kesho.

Hata hivyo, kabla ya kufikiria kimea au hamira, mtu anapaswa kuuhoji mkono wake na chombo chake. Hili nililijulia kwenye maziwa. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, ambako kipimo ni laktomita, ndugu wa haidromita, kinachosoma kuanzia 1.015 hadi 1.040 tu. Maziwa halisi ya ng'ombe husoma kati ya 1.028 na 1.032 hivi, yakitiwa maji yanashuka. Asubuhi moja mzee alileta maziwa aliyoyakamua muda uleule, bado yana joto la kiwele. Laktomita ikasoma 1.026. Kijana wa mapokezi akamwambia mbele ya foleni yote kwamba ametia maji. Kwa Mkurya mwenye ng'ombe wake, hilo ni tusi zito. Mzee hakujibu kitu. Alianza kuufunga mfuniko wa dumu lake ili aondoke.

Tuliyapima joto: nyuzi 35. Kipimo kile kimetengenezwa kusoma sawasawa kwenye nyuzi 20, na kwa maziwa huongezwa pointi 0.2 kwa kila nyuzi moja iliyozidi, pointi moja ikiwa ni 0.001. Nyuzi 15 za ziada ni pointi 3. Maziwa ya mzee yalikuwa 1.029, maziwa mazuri. Kijana aliomba radhi, nayo maziwa yakapokelewa. Tangu siku hiyo sijawahi kuisoma namba yoyote ya uzito bila kipimajoto mkononi.

Kwenye pombe ni vilevile. Kimiminika cha moto hupanuka na kuwa chepesi. Kwenye nyuzi 35 unaongeza pointi 4 hivi juu ya ulichosoma; kwenye nyuzi 40, pointi 6; kwenye nyuzi 60 zinafika 15, na hapo ni afadhali kuacha sampuli ipoe kuliko kuitegemea hesabu. Mpishi anayetia maji ya moto kwenye pipa ili kuamsha pombe asubuhi ya baridi, akapima hapohapo, atasoma uzito mdogo na kudhani kilevi kimeshapatikana. Usiku wa Juni na Julai kwetu milimani ni baridi, na asubuhi sampuli inaweza kuwa chini ya nyuzi 20. Basi unapunguza, lakini ni pointi 1 tu, haisumbui.

Kuna watu waliowahi kuniuliza kama mwinuko wa Tarime, mita 1,500 na zaidi juu ya bahari, unavuruga kipimo. Hauvurugi. Mwinuko unafanya maji yachemke kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, lakini haidromita inaelea kwa kulinganisha uzito wake na uzito wa kimiminika palepale, na mlima unaviathiri vyote viwili sawa.

Kinachovuruga sana ni uzito wa pombe yenyewe kwa maana ya ule unene wake, ule uji. Haidromita inahitaji kimiminika kinachoiacha ishuke na kupanda kwa uhuru. Ndani ya busaa isiyochujwa inakwama mahali ulipoiachia. Kuna njia rahisi ya kujua: iinue kidogo uiachie, usome, kisha ibonyeze chini kidogo uiachie, usome tena. Namba zikiwa mbili tofauti, hujapima kitu. Chuja kwa kitambaa safi kilichofumwa kwa karibu, acha sampuli itulie, chukua maji ya juu. Ukichuja, utaona namba inashuka, wakati mwingine pointi kadhaa, kwa sababu chembe za unga zilizokuwa zinaogelea zilikuwa zinahesabiwa kama sukari.

Halafu kuna gesi. Pombe inayochacha imejaa mapovu madogo, na mapovu hujishika kwenye kioo na kukinyanyua, namba ikapanda bila sababu. Fundi wa betri wa pale stendi ndiye aliyenionyesha jinsi ya kukizungusha kioo kwa vidole viwili ili mapovu yaachie, na kuinama mpaka jicho liwe sawa na uso wa maji. Yeye hupima asidi siku nzima. Anajua kwa mazoea kwamba betri iliyojaa husoma karibu na 1.280 na iliyokufa huwa karibu na 1.120. Kwa pombe mimi huongeza hatua moja: naimimina sampuli toka kikombe hadi kikombe mara nyingi, mpaka ikome kutoa povu.

Hapa lazima niseme jambo kwa uzito wote. Kipimo cha betri kisiingie kwenye pombe, hata kioshwe namna gani. Kimepita kwenye asidi ya salfuriki na risasi, na risasi ni sumu inayobaki mwilini. Isitoshe, kipimo hicho huanzia juu mno kwa pombe, hakingekuambia kitu. Nayo laktomita ni safi kwa chakula, lakini inaishia 1.040, na pombe yenye sukari nyingi itainyanyua juu zaidi ya mstari wake wa mwisho. Nunua kinachoanzia 0.990 na kufika 1.100 au zaidi.

Ukishakinunua, kihakiki. Ndani ya kioo kuna karatasi yenye mistari, na karatasi hiyo huweza kuteleza safarini. Kitie kwenye maji ya mvua yenye nyuzi 20, kikisoma 1.004, basi kila namba yako ya baadaye ipunguze pointi 4. Kisha fanya jaribio la pili, ambalo wengi hawalifanyi: yeyusha gramu 100 za sukari, ongeza maji mpaka ijae lita moja kamili, upime. Inapaswa kusoma karibu na 1.038. Sasa unacho kipimo unachokijua kwenye ncha mbili.

Jaribio hilo la sukari lina faida nyingine. Linakupa hesabu ya kujua kama kilichotiwa kimechanganyika. Kilo moja ya sukari ndani ya ndoo ya lita 20 lazima ipandishe uzito kwa pointi 19 hivi. Ikipanda kwa 8 tu, sukari nyingine imelala chini. Nimekuta pipa ambalo juu lilisoma 1.012 na chini 1.060, mwenyewe alikuwa ameongeza maji baada ya kukoroga, na maji yale yalikaa juu kama mgeni asiyekaribishwa. Koroga kutoka chini, kwa mwiko mrefu, kisha ndipo uchote.

Tuseme mkono na chombo viko sawa, na bado uzito haupandi. Siku ya pili 1.015, siku ya tatu 1.014, povu hafifu. Hapo mtuhumiwa ni kimea. Ulezi una sifa ya kutoa kimea chenye nguvu, lakini nguvu hiyo ni vimeng'enya, na vimeng'enya huuawa na moto. Mtu aliyekausha kimea juu ya bati la moto kwa haraka ya mvua, au aliyemimina maji yanayotokota moja kwa moja juu ya kimea, amebaki na unga wa kawaida. Hata ulezi wa zamani usioota vizuri hauna kitu cha kutoa.

Njia ya kukijaribu kimea akina mama wengi wa Tanzania wanaijua tayari, ingawa waliijua kwa sababu nyingine. Miaka ya 1980 wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania walihimiza kutia kimea kidogo kwenye uji mzito wa mtoto ili uwe mwepesi bila kuongezwa maji, mtoto apate chakula kingi kwa tumbo lake dogo. Kinachoulainisha uji huo ni vimeng'enya vilevile. Kwa hiyo pika uji mzito, uache upoe mpaka kidole kiweze kuuvumilia, tia kijiko cha kimea, koroga. Ukilainika na kutiririka baada ya dakika chache, kimea kiko hai. Ukibaki ulivyo, usikipoteze kwenye pipa zima. Mama amekuwa akilifanya jaribio hilo kwa kila gunia jipya, na sijui kifaa chochote cha maabara ambacho kingemfaa zaidi.

Kisa kilichonichukua muda mrefu kuliko vyote kilikuwa cha uzito uliokataa kushuka. Mama alinunua pipa jipya la plastiki badala ya lile la zamani lililopasuka. Alilisugua, akaliosha kwa maji ya moto. Pombe ya kwanza ndani yake ilipanda vizuri mpaka 1.033, ikashuka hadi 1.028, ikasimama. Siku zikapita, 1.028. Kitabu kingesema bado kuna sukari nyingi, isubiri. Mama alionja, akatema. "Haina utamu hata kidogo," alisema. "Ni uchachu mtupu. Na haina nguvu."

Sukari haipo, kilevi hakipo, na uzito haujashuka. Ilinibidi nirudi kwenye sababu inayofanya uzito ushuke. Hamira inapoila sukari, karibu nusu ya uzito wa sukari hiyo hutoka hewani kama gesi, na nusu nyingine hubaki kama kilevi, ambacho ni chepesi kuliko maji. Ndiyo maana namba inaporomoka. Lakini bakteria wa uchachu, wale wanaogandisha maziwa kwenye kibuyu, wengi wao huigeuza sukari kuwa asidi, na asidi hiyo hubaki yote ndani ya maji na uzito wake. Sukari inakwisha; namba karibu haisogei. Haidromita haikukosea. Haitofautishi sukari na asidi, kwa kuwa zote ni mzigo ndani ya maji.

Lakini kwa nini bakteria walishinda safari ile? Mama hakuwahi kununua hamira dukani. Hamira yake iliishi kwenye mikwaruzo ya pipa la zamani na kwenye machicha yaliyobaki kila alipochuja, nayo ilirithishwa kutoka pombe hadi pombe. Unga uliochachushwa ulileta bakteria wake kama kawaida. Pipa jipya, safi, halikuleta hamira. Tulikwenda kwa jirani aliyekuwa amechuja siku hiyo, tukaomba bakuli la machicha. Pombe iliyofuata ilishuka hadi 1.014, na tangu hapo mama haachi kubakiza machicha ya pombe nzuri kabla ya kuosha chochote.

Sasa, kama mwanzo haupatikani, nguvu ya pombe hii itajulikanaje? Ipo njia ya zamani ya maabara inayofaa jikoni. Chukua nusu lita kamili ya pombe iliyochujwa, iliyotulia na kuishiwa gesi. Ipime kwenye nyuzi 20. Ichemshe polepole kwenye sufuria wazi mpaka ibaki chini ya nusu. Kilevi chote kimeondoka na mvuke. Iache ipoe, irudishe kuwa nusu lita kamili kwa maji ya mvua, ikoroge, ipime tena kwa joto lilelile. Itakuwa nzito kuliko mwanzo, kwa kuwa kile chepesi hakipo tena. Kila pointi 1.5 za tofauti ni karibu asilimia 1 ya kilevi. Pombe ya mama ilisoma 1.014 kabla na 1.020 baada: pointi 6, yaani asilimia 4. Wanga uliobaki hufanya sampuli iliyochemshwa iwe nzito kama uji mwepesi, na kioo kikakwama. Ikitokea hivyo, ongeza maji sawa kwa sawa kwenye sampuli zote mbili na tofauti uizidishe mara mbili.

Nilipomwonyesha mama ile asilimia 4, alifurahi, lakini si kwa sababu niliyoitarajia. Alisema sasa anaweza kumwambia mteja kwamba kikombe chake hakina siri. Pombe hiyo ndiyo iliyonilipia ada ya shule, sare na nauli ya Morogoro, na kwa miaka yote hiyo kulikuwa na watu waliozungumza juu ya wapika pombe kana kwamba wote wanachanganya vitu gizani. Mama alitaka namba yake ijulikane.

Lipo jambo ambalo haidromita haitalionyesha kamwe, na linaniogopesha: sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo ya ukungu, na kuchacha au kukaanga hakuiondoi sumu yote. Mahindi yaliyoota ukungu husoma uzito uleule na mahindi mazuri. Hayo huchambuliwa kwa macho, mchana, kabla ya kusagwa, na yanayotupwa yanatupwa kweli. Hayapelekwi kwenye pombe kwa kuwa "yatachemka".

Kwa shangazi, Mugumu, mambo ni tofauti. Ukiuvuka mto Mara kupitia Nyamongo na kushuka upande wa Serengeti, mvua zinapungua na mtama unashika nafasi ya mahindi. Shangazi hupika kwa mtama, kimea chake pia cha mtama, na pombe yake huishia 1.022 kila mara, imeiva, ina kilevi, wala haina uchachu wa kupindukia. Alinipigia simu akitaka kujua ina tatizo gani, kwa kuwa ya mama inafika 1.014.

Haina tatizo. Wanga wa mtama hulainika kwenye joto kubwa kuliko wa shayiri, na kimea chake kina upungufu wa kile kimeng'enya kinachoukata wanga kuwa sukari ndogo inayolika na hamira. Vinabaki vipande virefu ambavyo hamira haivigusi. Vinakaa ndani ya pombe, vinaipa uzito na ule mnato wa mdomoni. Nilimpelekea kimea cha ulezi kutoka Tarime, akakichanganya na chake. Uzito ulishuka hadi 1.015, na kwa njia ya kuchemsha tukaona kilevi kimeongezeka kidogo.

Wateja wake hawakuipenda. Walisema imekuwa ya maji, haishibishi, na wengi wao ni watu wanaotoka shamba saa tisa na kikombe kile ndicho chakula chao mpaka jioni. Shangazi alirudi kwenye mtama mtupu. Kimea cha ulezi kilichobaki alikitumia kwenye uji wa wajukuu, na kwenye daftari lake, mahali pa kuandika uzito wa pombe iliyoiva, ameshaandika 1.022 mapema kwa wino, akabakiza nafasi pembeni ya siku itakapotofautiana.